Uvimbe hausubiri dendrima: maswali ninayoulizwa kliniki

Ninahudumu kliniki ya saratani hapa Nairobi. Siku hizi maswali mengi yanaanza hivi: "Sista, nimeona kwenye simu kuna dawa ya nano..."

Dendrima ni nini?

Ni mojawapo ya hizo "nano", yaani vitu vidogo mno: molekuli ya kutengenezwa maabarani, yenye matawi yanayogawanyika kutoka kitovu kimoja. Kila tabaka likiongezwa, ncha huongezeka maradufu: aina ijulikanayo zaidi, PAMAM, huwa na ncha 64 katika kizazi (yaani tabaka) cha nne na 128 katika cha tano. Donald Tomalia na wenzake waliieleza mwaka 1985 huko Marekani. Upana wake ni nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na chembe nyekundu ya damu ina kama nanomita 7,000. Kwenye zile ncha unaweza kufunga dawa, au madini yanayoonekana kwenye skani.

Inaijuaje seli ya saratani?

Baadhi ya seli za saratani zina vipokezi vingi, yaani sehemu za kunasa, vya foleti, ile vitamini tunayowapa wajawazito. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walifunga foleti na dawa ya kemo iitwayo methotrexate kwenye dendrima moja, wakawadunga panya wenye uvimbe. Dawa ilifanya kazi vizuri zaidi, na sumu yake ikapungua kuliko ilipotolewa peke yake.

Panya, lakini. Baadaye dendrima zilizobeba dawa za kemo zimejaribiwa kwa wagonjwa, Uingereza ikiwemo. Hakuna hata moja iliyokwisha kuidhinishwa kutibu saratani. Ugumu mmoja ni kwamba dendrima zenye chaji chanya huharibu hata utando wa seli zenye afya, kwa hiyo lazima zifunikwe kwanza.

Basi nisubiri ifike Kenya?

Hapana.

Hata miezi michache? Kemo inatisha.

Hapana. Najua inatisha, nywele na kutapika si mchezo, na kwa kutapika tuna dawa nzuri. Lakini miezi hiyo uvimbe haukai ukikungojea. Uvimbe wa titi ambao leo ungetolewa kwa upasuaji, kesho umeshika ngozi na tezi za kwapa, na ukifika kwenye ini mazungumzo yetu yanabadilika. Wanaokuja wamefunga pamba na leso kifuani ili harufu isitoke, wengi waliugusa uvimbe ukiwa kama punje ya mahindi. Walikuwa wakisubiri kitu.

Mbona kuna matone ya nano yanayouzwa mtandaoni?

Mama mmoja alinitolea chupa yake mkobani, imeviringishwa gazetini. Lebo ilikuwa na neno "nano" kwa herufi za dhahabu. Haikutaja kilichomo, haikuwa na namba ya usajili wala jina la mtengenezaji. Alilipa kwa M-Pesa, pesa za chama. Jamani! Utafiti wa kweli haukuuzii dawa kwenye WhatsApp. Una kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu, una fomu ya ridhaa unayosomewa ukaelewa, na una daktari mwenye jina.

Dawa halisi za nano zipo, ila si dendrima. Doksorubisini, dawa ya kemo, iliyofungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta iliruhusiwa Marekani mwaka 1995. Hiyo hupita kwenye dripu baada ya kupimwa damu na moyo. Haidondoshwi chini ya ulimi.

Nikienda MRI nitadungwa dendrima?

La. Dawa ya kung'arisha picha kwa kawaida ni madini ya gadolini katika molekuli ndogo. Ikifungwa kwenye dendrima kubwa hukaa muda mrefu zaidi ndani ya mishipa, na picha ya mishipa hutoka safi, lakini hilo bado ni la watafiti. Wewe ukiwa na ugonjwa wa figo, sema kabla ya kudungwa.

Uvimbe wangu hauumi. Si naweza kungoja kidogo?

Hapana, tena hapana. Saratani ya titi mara nyingi haiumi mwanzoni. Uvimbe mpya, chuchu inayotoa damu, kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, chakula kukwama kooni: njoo wiki hii. Usije na jibu la jirani, njoo upimwe na, ikihitajika, ufanyiwe biopsi, yaani kutolewa kipande kidogo kipimwe maabarani. Kama hujajisajili SHA, bima ya afya ya serikali, piga *147# ukiwa njiani.

Na chupa niliyokwisha kununua?

Acha kuitumia, lakini usiitupe. Njoo nayo, na uniambie ulitumia mara ya mwisho lini. Vitu visivyojulikana vinaweza kuumiza ini au kugongana na kemo, na daktari anahitaji kujua kabla ya kukuandikia dozi. Hakuna atakayekugombeza.