Zombie bila ramu ya 151: tunaweka nini badala yake?

Ijumaa iliyopita chupa yetu ya mwisho ya ramu ya Demerara ya 151 iliisha saa mbili usiku, baraza la upande wa ziwa limejaa na meza moja imeshaagiza Zombie mbili, kokteli ya ramu tatu. Kijana ninayemfundisha kazi ya kaunta akanyanyua chupa ya ramu ya Jamaika, Wray & Nephew.

"Kaka, hii nayo si kali? Tuweke hii hii."

Kali ni kali kweli. Lakini nilimshika mkono, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wa kaunta wanapoiharibu kokteli hii.

Namba 151 inatokana na kipimo cha Kimarekani kinachohesabu kilevi mara mbili, kwa hiyo maana yake ni asilimia 75.5. Zombie ilibuniwa Hollywood mwaka 1934 na mwenye baa Don the Beachcomber. Ndani yake mna mililita 45 za ramu ya Jamaika, 45 za Puerto Rico, na 30 za hiyo Demerara ya 151. Halafu maji ya ndimu, falernum, maji ya balungi na shira ya mdalasini, komamanga kidogo, na matone ya Angostura (pombe chungu ya viungo) na Pernod (pombe yenye harufu ya anisi). (Falernum tunapika wenyewe kwa karafuu, tangawizi, lozi na maganda ya ndimu. Vyote vipo sokoni hapa Mwanza, sioni sababu ya kuiagiza mbali.)

Sasa zile mililita 30 zina kazi mbili: kuleta moto, na kuleta harufu. Moto unaweza kuupata kwingine. Harufu ndiyo shida. Demerara inatoka Guyana, ambako mitambo ya zamani ya mbao bado inakeneka ramu mpaka leo. Dondosha tone kiganjani, sugua mikono, subiri kilevi kiruke, kisha nusa. Utasikia sukari guru iliyoshika chini ya sufuria, na moshi kwa mbali. Fanya hivyohivyo na Wray & Nephew, yenye asilimia 63: kiganja kitanukia ndizi iliyoiva ikapitiliza, na nanasi. Ni ramu ninayoipenda sana, ila ukiiweka peke yake kwenye Zombie, mdalasini na balungi vinakosa pa kuegemea, na glasi nzima inageuka ya matunda matupu. Nilimnusisha kijana viganja vyote viwili palepale kaunta. Hakuhitaji maelezo zaidi.

Mbadala ninaouamini kuliko yote ni O.F.T.D., ramu ya kampuni ya Plantation, ambayo siku hizi chupa yake inaandikwa Planteray. Ina asilimia 69, na ni mchanganyiko wa ramu za Guyana, Jamaika na Barbados, kwa hiyo ile sukari iliyoungua ipo. Weka mililita 33 badala ya 30 na kilevi kitalingana. Bacardi 151 usiitafute, waliacha kuitengeneza mwaka 2016, na hata enzi zake ilikuwa moto tu bila ule moshi. Konyagi nayo naulizwa mara kwa mara: ina asilimia 35 na si ramu, hapa haina kazi.

Usiku ule O.F.T.D. hatukuwa nayo. Nilichukua mililita 15 za El Dorado ya miaka 12, ambayo ni Demerara ya asilimia 40, nikaongeza 27 za Wray. Kwa kuwa Wray nayo ni ya Jamaika, nilipunguza ile ramu ya Jamaika kutoka 45 hadi 35, isije Jamaika ikatawala glasi. Kinywaji kinakuwa chepesi kidogo kuliko cha asili, kwa hiyo kwenye blenda barafu niliipa sekunde tatu badala ya tano. Kwenye Jet Pilot, kokteli nyingine ya ramu ambayo inataka mililita 22 tu za 151, mchanganyiko huu unakaa vizuri zaidi, maana ile tayari ina ramu nyeusi ya Jamaika.

Hesabu nyingine ya kushika: Zombie ya asili ina karibu mililita 59 za kilevi kitupu. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina 25. Yaani mteja anakunywa zaidi ya bia mbili kubwa kwenye glasi moja, tena tamu, tena ya baridi. Don mwenyewe aliruhusu mbili tu kwa mtu, nasi hatuzidishi, hata mteja akitubembeleza vipi.

Na wanaopenda kuwasha ganda la ndimu juu ya glasi: loweka kipande kidogo cha mkate kwenye ramu, kiweke ndani ya ganda, funga chupa na uiweke mbali, ndipo uwashe. Kamwe usimimine ramu kutoka kwenye chupa juu ya moto unaowaka. Barazani kwetu, upepo wa ziwa ukivuma, hatuwashi kabisa.

Wale wa Zombie mbili walimaliza, wakauliza ndani mna nini. Kijana ndiye aliyewaeleza, akianza na kiganja.