Chungu cha maharage na mapafu yako: maswali kuhusu mkaa, gesi na umeme Dar es Salaam

Mkaa wangu ukishakolea haufuki. Unaniumizaje?

Hata mkaa usiofuka unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo unavuta pumzi kama kawaida huku mwili ukikosa hewa. Usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama ni msimu wa mvua na nguo hazijakauka. Watu wawili watatu wa chumba kimoja wakipata maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, msianze kufikiria malaria. Tokeni nje, kisha muende hospitali.

Kuna pia chembe laini zinazoingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 duniani. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, hatari ya nimonia inakaribia kuwa maradufu.

Nina mtungi wa gesi, mkaa natumia kwa maharage tu. Si nimeshapunguza?

Kwa maharage tu! Chai inachemka kwa dakika chache, lakini maharage au makande yanakaa jikoni saa nzima, mbili, na wewe uko hapo hapo unapepea na kuongeza maji. Umeondoa dakika, umeacha masaa. Mapafu nayo hayapati nafuu kwa kiwango kile kile unachopunguza mkaa, kwa sababu hata moshi kidogo una madhara makubwa. Kama kuna chungu kimoja cha kuhamisha kutoka kwenye mkaa, basi kiwe hicho.

Kwa nini basi watu wa Dar hawauachi mkaa?

Wanajua kupiga hesabu. Mkaa unauzwa kwa kopo, unanunua wa leo kwa hela ya leo. Kujaza gesi kunataka fedha nyingi kwa mkupuo, na mtungi una tabia ya kuisha katikati ya mwezi. Benki ya Dunia ilionyesha kuwa kati ya 2001 na 2007 kaya za Dar es Salaam zinazotumia mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Ni mji ule ule wenye umeme kuliko sehemu nyingine nchini. Kwa hiyo kuwaambia watu mkaa ni mbaya hakutoshi, bei na namna ya kulipia ndiyo inayoamua. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034.

Umeme si utamaliza LUKU?

Jiko la koili, ndiyo, linakula umeme. Jiko la presha la umeme ni habari nyingine: nusu kilo ya maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja. Uniti kwa mteja wa TANESCO wa matumizi madogo, yasiyozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, ni takriban shilingi 122 pamoja na kodi na tozo. Kwa mteja wa kawaida ni takriban 356. Usiniamini mimi: soma mita kabla ya kubandika, soma tena yakiiva, kisha linganisha na makopo ya mkaa uliyokuwa ukinunua.

Mimi ni mpangaji, mwenye nyumba amekataza majiko ya umeme.

Hili naliona tatizo kubwa kuliko yote, na halizungumzwi. Wapangaji sita Manzese au Mbagala wakitumia mita moja, nyumba nzima inavuka uniti 75 na kila mmoja analipia bei ya juu, hata anayewasha taa tu. Ndipo ugomvi unapoanza. Mkiweza, changeni mfunge mita ndogo kwa kila chumba, kila mtu alipie anachotumia. Mwenye nyumba akiona hagombanishwi tena, mara nyingi hulegeza.

Leo sina kingine ila mkaa.

Washia nje, pikia uwani au barazani penye upepo, si koridoni. Loweka maharage tangu usiku ili yaive haraka. Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika. Akianza kupumua haraka haraka, au kifua kikibonyea kila anapovuta pumzi, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.