Lambo la shambani: yanayosemwa na yalivyo

"Ni lambo dogo tu, litamdhuru nani?" Piga hesabu: ekari moja yenye kina cha wastani wa mita 2 inabeba takriban tani 8,000 za maji. Usiku wa Mei 9, 2018, huko Solai, Kaunti ya Nakuru, bwawa la udongo lililokuwa mali ya mtu binafsi lilipasuka katikati ya mvua nyingi za masika, na zaidi ya watu 40 wakafa. Kwa hiyo usiulize ukubwa wa lambo kwanza. Uliza nani amejenga bondeni.

"Miti inashikilia tuta," yaani ukuta wa udongo unaozuia maji. Hii ndiyo ninayoisikia kila mahali, na ndiyo ngumu kumtoa mtu kichwani. Mti ukiwa hai mizizi yake hutafuta maji ndani ya tuta. Ukifa, mizizi huoza na kuacha mashimo, na maji hayahitaji zaidi ya hapo. Upepo ukiung'oa, unaondoka na donge la tuta. Panda ukoka, ufyeke uwe mfupi, kusudi mashimo ya fuko na nungunungu yaonekane mapema. Kama mkaratusi umeshakuwa mkubwa, usiung'oe mwenyewe. Muulize mhandisi kwanza.

"Chini ya tuta pakilowa, lambo limekwisha." Si lazima. Udongo hupitisha maji kidogo. Kinachotisha ni maji yanayoongezeka, au yenye tope. Chota kwenye glasi, uiache itulie: tope likikaa chini, ujue tuta lenyewe ndilo linalotoka, punje kwa punje. Bwawa la Teton, Idaho, Marekani, lilikuwa kubwa na la serikali, lakini lilikuwa la udongo vilevile. Asubuhi ya Juni 5, 1976 lilionekana likivuja maji ya tope. Kabla ya saa sita mchana lilikuwa limebomoka.

"Mlango wa maji ya ziada unapoteza maji bure." Ndiyo maana wengine huuziba kwa viroba vya mchanga, au huweka wavu ili perege wasitoroke. Klabu ya matajiri iliyomiliki bwawa la South Fork, Pennsylvania, nayo iliweka wavu kuzuia samaki. Mei 31, 1889 maji yalipita juu ya tuta, likakatika, wakafa zaidi ya watu 2,200. Wavu, ulionasa takataka na kuziba njia ya maji, haukuwa kosa lao pekee, lakini maji yakishapita juu ya udongo, hayaachi tuta salama.

"Limekaa miaka 30." Na bomba la chuma la kutolea maji lililo chini ya tuta je? Kutu haionekani kutoka juu.

"Ukiona ufa, fungulia maji yote." Maji yakishuka ghafla, upande wa ndani uliolowa unaweza kuporomoka. Yapunguze taratibu, mhandisi akiwepo. Ila simu ya kwanza ni kwa majirani wa bondeni, hata kama ni saa nane usiku.