Kilwa 1776, Paris 1789: haki za binadamu zilimhusu nani?

Wageni wanaovuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani huulizia Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu. Ni nadra mtu kuulizia mkataba wa Septemba 1776, ambao Sultani wa Kilwa alitiliana saini na Mfaransa aitwaye Morice, mfanyabiashara wa watumwa. Morice aliahidiwa watu 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20, sarafu za fedha, kila mmoja. Soko lake lilikuwa Isle de France, koloni la Ufaransa, ndiyo Morisi ya leo. Miezi miwili kabla, Wamarekani walikuwa wametangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa.

Ufaransa iliisaidia Marekani katika vita vyake vya uhuru, ikabaki na madeni. Kodi ziliwaelemea wakulima na watu wa mijini, huku makabaila na makasisi wakisamehewa sehemu kubwa. Mfalme naye alidai amepewa mamlaka na Mungu, kwa hiyo hahojiwi. Tamko la Haki za Binadamu na Raia, la tarehe 26 Agosti 1789, likaivunja hoja hiyo: watu huzaliwa huru na sawa, na chimbuko la mamlaka ni taifa, si mtu mmoja.

Tatizo lilikuwa ibara ya 17, ya mwisho, iliyosema mali ni haki takatifu isiyoguswa. Wenye mashamba makoloni waliishikilia hiyo, ile ya kwanza, ya watu kuzaliwa huru na sawa, wakaipa kisogo. Kwao, mtu aliyenunuliwa Kilwa alikuwa mali. Kwa maoni yangu Mapinduzi ya Ufaransa yalipimwa hapa kuliko pale gerezani Bastille, ambako vitabu vya shule hupenda kuanzia.

Waliolazimisha jibu ni watumwa wenyewe. Agosti 1791 wale wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa, Haiti ya leo, waliasi. Februari 1794 bunge la Paris likafuta utumwa katika makoloni. Wajumbe walioipeleka amri hiyo Isle de France mwaka 1796 walifukuzwa na walowezi, na sheria ya Napoleon ya 1802 ikaubariki utumwa kisiwani humo. Haiti ilipigana hadi ikajitangazia uhuru tarehe 1 Januari 1804. Watu wa pwani yetu waliokuwa Morisi walisubiri hadi 1835, chini ya Waingereza waliokuwa wamekitwaa kisiwa, na waliolipwa fidia ni mabwana zao.