Bei za Hisa Zikiporomoka, Ununue Lini?

Kila soko la hisa linapoporomoka, wawekezaji wadogo hutuuliza swali lile lile: bei zimefika mwisho wa kushuka, tununue sasa? Mwisho huo haujulikani mpaka uwe umekwisha kupita. Tarehe 13 Machi 2020, Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, Soko la Hisa la Nairobi lilisimamisha biashara kwa muda baada ya fahirisi yake (kipimo cha mwenendo wa bei) ya kampuni 20 kushuka kwa zaidi ya asilimia 5. Siku kumi baadaye, fahirisi ya S&P 500 ya Marekani, inayopima kampuni kubwa zipatazo 500, ilifika chini kabisa, ikiwa imepoteza takriban asilimia 34, na mwezi Agosti ikavuka kilele chake cha awali wakati janga lenyewe lilikuwa bado linaua watu. Aliyengoja habari njema kwanza alichelewa.

Hata hivyo, si kila kinachoshuka hupanda tena. Hisa za Safaricom, zilizouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5, zilishuka chini ya bei hiyo mwaka huohuo, zikapita shilingi 40 mwaka 2021, kisha zikarudi chini ya 15 mwaka 2023, na kampuni haikuacha kufanya biashara yenye faida. Mumias Sugar, kampuni ya sukari ya Kenya, nayo ilishuka, lakini aliyeikimbilia kwa kuwa bei yake imekuwa rahisi alijikuta na hisa za kampuni iliyowekwa mwaka 2019 chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali kwa niaba ya wanaoidai. Kwa hiyo chunguza kwanza kilichoishusha bei: ni hofu ya soko zima, au ni madeni ya kampuni yenyewe? Taarifa za fedha za kila mwaka hulijibu swali hilo vizuri kuliko mtu yeyote wa mtandaoni.

Ukishajiridhisha, gawa fedha zako. Tuseme una shilingi 45,000, nawe ukanunua kwa 15,000 kila baada ya miezi miwili, bei ikiwa 20, kisha 15, kisha 12. Utapata hisa 750, halafu 1,000, halafu 1,250. Jumla 3,000, kwa wastani wa shilingi 15 kila moja kabla ya ada ya dalali. Ungezitia zote siku ya kwanza, ungepata 2,250 tu. Kama bei ingepanda, mpango huu ungekugharimu kidogo, kwa kuwa ungepata hisa pungufu, na kwa maoni yetu gharama hiyo inastahili kulipwa. Karo ya Januari isiguswe kabisa, na kila unapomwagiza dalali, mtajie bei ya juu kabisa unayokubali kulipa.