Kadi inayozidi GB 32 haiunguzi kompyuta ndogo ya bodi moja

Miaka nenda miaka rudi, ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu: ukiweka kadi ya kumbukumbu inayozidi GB 32 kwenye kompyuta ndogo ya bodi moja (kama Raspberry Pi), haitawaka, na bodi inaweza kuungua. Si kweli.

Kadi hizo, aina ya SDXC, kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa na fomati (mpangilio wa kuhifadhi faili) ya exFAT. Baadhi ya bodi hutafuta faili za kuwashia kwenye sehemu yenye fomati ya zamani zaidi, FAT, pekee. Aliyenakili faili moja kwa moja kwenye kadi mpya basi huona skrini nyeusi na kuilaumu kadi. Lakini ukiandika taswira nzima (image) ya mfumo endeshi kwa programu ya kuandikia, ile exFAT hufutwa na sehemu mpya huundwa. Na kuungua? Ukubwa wa kadi hauongezi volti. SDHC (kadi za hadi GB 32) na SDXC zote huanza kwa volti 3.3.

Kadi bandia nazo huchochea uvumi. Huandikwa GB 128 ilhali ndani mna nafasi kidogo tu, kisha mfumo huharibika ghafla. Hifadhi data zako kwingine, halafu ipime kadi kwa programu ya F3 au H2testw: hizi huijaza kadi na kuisoma upya, na uongo hujitokeza hapo.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Anayeuliza, mwelekeze kwenye mwongozo wa bodi yake, maana kikomo cha kweli, kama kipo, huandikwa humo. Alama ya A1 (kiwango cha kasi kilichochapwa kwenye kadi) pia itamfaa kuliko kubishania ukubwa: huahidi angalau usomaji 1,500 na uandishi 500 wa vipande vidogo vya data kwa sekunde.