RAM Tupu Haikufaidi Kitu

Juzi mwalimu mmoja kutoka Ahero aliniletea laptopu dukani hapa Kisumu, akilalamikia RAM, ile kumbukumbu ya muda inayoshika programu zilizo wazi. "Fundi, RAM imeisha. Tupu imebaki MB 60, na hiki kijiprogramu cha kusafisha RAM, hiki kisafishaji, nimekibonyeza mpaka nimechoka." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno. Nilimfungulia Resource Monitor, kipimo cha Windows chenyewe, nikamwambia: Mwalimu, umesoma Free, yaani tupu kabisa, sasa soma Available, yaani tupu pamoja na ile inayoweza kuachiwa mara moja. Pale palikuwa na MB 1,700.

RAM umeilipia ifanye kazi. Tangu Vista ya 2007, Windows huangalia programu unazozitumia mara kwa mara na kuzipakia mapema kwenye nafasi iliyobaki. Huduma hiyo iliitwa SuperFetch, siku hizi ni SysMain. Nafasi hiyo haijafungwa kwa mtu. Programu nyingine ikiihitaji, inapewa papo hapo.

Sasa kisafishaji kinafanya nini? Kinaamuru kila programu iachie kurasa zake za kumbukumbu, yaani vipande vya data ilivyoweka kwenye RAM. Zile zilizobadilika huishia kuandikwa kwenye diski. Mita ya RAM iliyotumika inashuka, unafurahi. Ukirudi kwenye Word, yaliyokwisha kuondolewa yanasomwa upya kutoka diski, na kama ni hard disk ya kuzunguka, ile ya laptopu nyingi za mtumba, utasubiri. Ni sawa na mama wa samaki pale Dunga kurudisha ngege wote stoo kila mteja akiondoka, ili meza ionekane pana. Mteja wa pili akija, aanze kubeba upya! Tena kisafishaji chenyewe kinakaa ndani ya RAM hiyo hiyo mchana kutwa. Kitoe.

Kuzima vivuli, madirisha yanayopenya macho kama kioo na mapambo mengine? Enzi za Windows 7 ungeweza kuzima Aero, yaani mapambo hayo, kabisa ukaona nafuu kidogo. Kuanzia Windows 8, ya 2012, mfumo unaochora madirisha hauzimiki, kwa hiyo vijiprogramu vinavyokuahidi hayo vinakuondolea urembo tu. Ukitaka nafuu ya kweli, nenda Task Manager, sehemu ya Startup, uzime zile programu zinazojiwasha zenyewe. Kisha punguza tabo za kivinjari. Hayo ni bure.

Kuna wanaozima pagefile, lile faili la diskini ambalo Windows huligeukia RAM ikibana, eti kompyuta itakimbia. Usithubutu. RAM ikiisha kweli, programu zitajifunga na kazi yako ambayo hujahifadhi imekwenda.

Mashine ya zamani ikiwa na hard disk, mimi pesa ya kwanza naipeleka kwenye SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, ya pili kwenye RAM. Na kabla hujafika Oginga Odinga Street kununua kipande cha GB 8, angalia kama Windows yako ni ya biti 32. Ikiwa ndiyo, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiijaza. Weka kwanza ya biti 64.